Ngazi Tatu za Mlangoni: Historia Fupi ya Kuingia katika Majengo ya Umma, kutoka Boma hadi Segese

Hodi hupigwa na mtu, walakini jibu la kwanza hutolewa na jengo lenyewe. Mwenye miguu mizima hupanda ngazi tatu za mlangoni bila kuzihesabu. Mwenye magongo huzihesabu. Mwenye kiti cha magurudumu hufika chini yake akakoma, na asiyeona huzitambua kwa kujikwaa. Ngazi hizo zaonekana mbele ya zahanati, maduka, ofisi za kata na benki katika sehemu nyingi za Tanzania, na aghalabu hudhaniwa kuwa ni sehemu ya jengo kama paa na kuta zilivyo. Dhana hiyo si kweli. Ngazi zina historia yake. Ziliwekwa na watu fulani, kwa sababu fulani, katika zama fulani. Na jambo lililowekwa na watu laweza kuondolewa na watu.

Segese ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, si mbali na mgodi wa Bulyanhulu. Ni mahali pa wakulima, wafugaji, wachuuzi na wachimbaji wa dhahabu. Mji mdogo wa namna hii haufikiriwi sana na wanaoandika historia ya majengo, kwa kuwa hauna kasri wala mnara. Hata hivyo, katika mji wa namna hii ndipo swali la nani aingiaye na nani abakiye nje laonekana wazi zaidi, maana ofisi ni moja, zahanati ni moja, na aliyeshindwa kupanda ngazi za hiyo moja hana ya pili ya kukimbilia.

Yafaa kuanza kabla ya boma na kabla ya saruji. Nyumba za kale za Usukuma zilikuwa za msonge, za miti, udongo na nyasi. Na katika Unyamwezi na Ugogo palikuwa na tembe, nyumba ndefu ya paa la udongo. Nyumba hizo zilikaa juu ya ardhi yenyewe. Sakafu ya ndani haikupishana sana na uwanja wa nje, na shughuli kubwa za watu, yaani mashauri, ngoma, arusi na matanga, zilifanyika uwanjani au chini ya mti, mahali pasipo mlango. Haifai kusema kwamba zamani hizo zilikuwa pepo ya vilema. Mlango wa msonge ulikuwa mfupi, mtu akiinama ndipo aingie, na wapo walioishi na kufa wakiwa wamefichwa nyuani. Neno moja tu ladhihirika: mashauri ya wote yalipofanyika uwanjani, aliyetaka kusikiliza hakuzuiwa na ujenzi. Kama alizuiwa, alizuiwa na watu.

Mambo yalibadilika utawala ulipoingia ndani ya nyumba. Boma la Wajerumani la Bagamoyo, lililomalizika mwaka 1897, ni mfano wa majengo ya wakati huo: kuta nene, ghorofa, na mahali pa kulindia. Boma lilikuwa ngome kwanza na ofisi baadaye. Kazi ya ngome ni kuwazuia watu wasiingie ila kwa ruhusa, na kuwafanya waingiao wajione wadogo. Waingereza walipokuja kutawala waliyarithi maboma hayo, na Serikali ya nchi huru nayo ikayarithi. Jina likabaki pia. Hata leo wazee huenda "bomani" kufuata karatasi zao. Basi ofisi ya umma ilizaliwa katika umbo la ngome, na ngazi ndefu ya mbele, iliyokuwa alama ya enzi, ikadumu hata enzi yenyewe ilipokwisha.

Pwani palikuwa na mfano mwingine wa kufikirisha. Beit al-Ajaib, kasri lililojengwa Zanzibar mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, hutajwa kuwa jengo la kwanza katika Afrika Mashariki kuwa na lifti ya umeme. Jengo hilo lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, lakini somo lake halikuanguka. Chombo cha kumpandisha mtu bila kutumia miguu kilifika nchi hizi mapema sana, kikawekwa kwa ajili ya raha ya wakubwa. Haikosi kweli kusema, basi, kwamba kilichopungua tangu awali si ufundi. Kilichopungua ni fikira kwamba mtu wa kawaida naye astahili kupandishwa.

Katika Shinyanga na Kahama palikuwa na sababu nyingine mbili za ngazi, nazo si za enzi bali za mahitaji. Ya kwanza ni maji. Sehemu nyingi za nchi hiyo zina udongo mweusi wa mbugani, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika. Mvua ikinyesha, maji hukaa juu. Fundi mwenye akili huinua msingi wake ili maji yasiingie ndani na ukuta usilowe. Mwenye duka aliinua baraza lake kwa sababu hiyo hiyo, na ngazi mbili au tatu zikawa njia ya kulifikia. Fundi huyo halaumiwi. Alipigana na adui aliyemwona. Aliyesahauliwa ni mtu ambaye hakuwapo siku msingi ulipopimwa.

Sababu ya pili ni mzigo. Pamba ilipokuwa mali kuu ya Kanda ya Ziwa, wakulima waliungana katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa muungano mkubwa wa vyama hivyo chini ya uongozi wa Paul Bomani. Ghala la mzigo lenye kufuata desturi hujengwa sakafu yake ikilingana na kimo cha lori, ili magunia yasukumwe bila kuinuliwa. Hapo pana jambo la kuzingatiwa: mjenzi alipima kimo cha lori, akapima uzito wa gunia, akafanya hesabu, na mzigo ukapata njia iliyo sawa. Hesabu ile ile ingeweza kufanywa kwa ajili ya mwanadamu. Haikufanywa, kwa kuwa gunia lilikuwa na mwenyewe wa kulisemea, na kiwete hakuwa naye.

Uhuru ulileta shule na vyama. Chama cha Wasioona kilianzishwa mwaka 1964, na katika miji ya magharibi na ya ziwa zikafunguliwa shule zilizopokea watoto wasioona na wasiosikia. Buhangija, katika Manispaa ya Shinyanga, ni mojawapo ijulikanayo sana. Shule hizo zilikuwa neema. Lakini zilikuwa na maana mbili kwa pamoja. Kwa upande mmoja zilisema kwamba mtoto asiyeona aweza kusoma. Kwa upande wa pili zilisema kwamba atasomea mahali pake. Shule ya kijiji iliyo jirani na kwao haikuambiwa ijirekebishe. Baada ya mwaka 2007, watu wenye ualbino walipouawa katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na mingine ya jirani, Buhangija ikawa pia kimbilio la watoto wao. Jengo lililokuwa la kuwafundisha likawa la kuwaficha. Hapa historia ya mlango yageuka: kwa wengine shida ilikuwa kuingia, na kwa watoto hawa shida ikawa kutoka.

Katika miaka ya 1970 watu wa Shinyanga, kama wenzao wa mikoa mingine, walihamishiwa katika vijiji vipya, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 ikatakiwa kila mtoto apate elimu ya msingi. Madarasa yalijengwa kwa mikono ya wananchi, kwa matofali yao na kwa haraka. Ilikuwa kazi ya heshima. Walakini aliyejenga kwa haraka alijenga kama alivyoona wengine wakijenga: msingi ulioinuka, mlango mwembamba, choo cha shimo kilicho mbali na darasa, kisicho na mahali pa kushika. Umbo likaenea nchi nzima bila mtu kuliamuru.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa mwaka wa walemavu duniani, na mwaka huo huo kikaundwa Chama cha Walemavu Tanzania. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria mbili, moja ya ajira ya walemavu na nyingine ya kuwatunza. Sheria ya ajira iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 na zaidi watoe nafasi 2 katika kila 100 kwa walemavu. Wazo lilikuwa jema, lakini lilikuwa na upungufu uliojificha: mtu alipewa haki ya meza ya kazi bila kupewa haki ya mlango uelekeao kwenye meza hiyo. Sheria ya pili iliweka wajibu wa kumlisha na kumhifadhi. Zote mbili zilimtazama mlemavu kama mtu wa kufanyiwa jambo, wala si mtu wa kwenda mwenyewe mahali atakapo.

Lugha yenyewe yashuhudia mwendo wa fikira hizo. Kiwete, kipofu, kiziwi, kilema: majina haya ya kale yalikaa katika ngeli ya vitu, ingawa sarufi iliyapa upatanisho wa watu. Mtu husema "kipofu amekuja", si "kimekuja". Kana kwamba ulimi ulijua siku zote kuwa huyu ni mtu, ila jina likawa limekwisha kumfanya kitu. Kisha likaja neno "mlemavu", likamwingiza katika ngeli ya watu waziwazi. Mwisho serikali na vyama vikachukua usemi "mtu mwenye ulemavu", usemi unaotanguliza mtu na kuweka ulemavu nyuma yake. Lugha ilipiga hatua tatu. Majengo mengi hayajapiga hata moja.

Ni vyema pia kutazama nje. Marekani ilitoa kipimo chake cha kwanza cha majengo yafikikayo na walemavu mwaka 1961, na mwaka 1968 sheria ikayaelekea majengo yaliyojengwa kwa fedha za serikali kuu. Ilipofika mwaka 1990 sheria nyingine ikaingia mpaka madukani, hotelini na katika sinema. Katika Uingereza, Selwyn Goldsmith, msanifu majengo aliyekuwa na ulemavu uliotokana na polio, alichapisha mwaka 1963 kitabu cha vipimo vya majengo ya walemavu kilichotumiwa na wasanifu wengi. Mambo hayo hayakuletwa na huruma peke yake. Yaliletwa na askari waliorudi vitani bila viungo na vijana waliopona polio wakataka kusoma vyuo vikuu. Yaani yalikuja pale nchi ilipotambua kwamba yenyewe ndiyo izalishayo walemavu wake.

Utambuzi huo ndio unaopaswa kufika katika ukanda wa dhahabu. Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, kisha mgodi mkubwa ukafunguliwa tena mwaka 2000. Bulyanhulu ikaanza kutoa dhahabu mwaka 2001. Pembeni mwa migodi hiyo mikubwa maelfu ya wachimbaji wadogo hushuka katika maduara yaliyotegemezwa kwa matimba. Tarehe 5 Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangarata, wilayani Kahama, na watu watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Nchi nzima ilistaajabu. Ajali kama hiyo husimuliwa kwa sababu ni kubwa. Ajali ndogo hazisimuliwi. Jiwe huangukia mguu, kamba hukatika, baruti huwahi kulipuka, karasha hukamata mkono. Anayetoka humo akiwa hai mara nyingine hutoka bila kiungo, au bila macho. Jana alikuwa akishuka duarani kwa kamba. Leo hawezi kupanda ngazi tatu za ofisi.

Tena mtu huyo ndiye mwenye haja kubwa ya ofisi kuliko wengine wote. Ana haja ya zahanati kwa kidonda chake, ofisi ya kijiji kwa barua, mahakama au baraza kwa madai yake na mwenye duara, benki au wakala kwa fedha chache alizogawiwa. Kuanzia mwaka 2019 nchi ilifungua masoko ya madini, la Geita likiwa la kwanza kuzinduliwa mwezi Machi mwaka huo, ili dhahabu iuzwe mahali pajulikanapo na kwa bei ijulikanayo. Ni mpango wa maana. Lakini soko ni jengo, na jengo lina mlango. Asiyeweza kuufikia mlango huo humtuma mtu mwingine auze badala yake, na anayetuma hana budi kuamini bei atakayoletewa. Hivyo ngazi huwa kodi isiyoandikwa popote, inayolipwa na yule mwenye kidogo kuliko wote.

Sheria nazo zimekuja. Sera ya taifa ya mwaka 2004 ililitaja tatizo la majengo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 chahusu kufikika kwa majengo, barabara, vyombo vya usafiri na habari. Sheria Namba 9 ya mwaka 2010 ikaweka haki ya mazingira yasiyo na vizuizi, na ikawataka waajiri wenye wafanyakazi 20 na zaidi wawe na watu wenye ulemavu wasiopungua 3 katika kila 100. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2003, ikawapa wenye majengo ya umma miaka 5 ya kuyarekebisha tangu kifungu hicho kuanza kutumika, na Katiba yake ya mwaka 2010 ikaitaja haki hiyo. Basi hakuna awezaye kusema kwamba neno halijaandikwa.

Wala haiwezi kusemwa kwamba wahusika ni wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba watu 9.3 katika kila 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi walikuwa na ulemavu wa namna fulani. Sensa ya mwaka 2022 ikaonyesha 11.2. Pamoja nao wapo wazee, wajawazito, wagonjwa waliobebwa, na mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Mchuuzi anayesukuma mkokoteni wa mahindi dukani naye ni mwenzao. Wote hao hunufaika na njia ya mteremko, ingawa mmoja tu ndiye aliyetajwa ilipoombwa.

Husemwa mara nyingi kwamba gharama ni kubwa, na hoja hiyo yastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa lawama. Kipimo kinachotumiwa katika nchi nyingi ni kwamba kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia ya mteremko ienende sentimita 12. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja hufanya kimo cha sentimita 45. Basi njia yake yahitaji urefu wa mita 5 na sentimita 40, pamoja na mahali tambarare pa kupumzikia juu na chini, na vyuma vya kushika kandoni. Ikiwa kiwanja ni kifupi, njia hiyo yaweza kukunjwa. Haizuii maji kazi yake. Msingi wabaki ulivyoinuliwa. Mlango wenye upana wa sentimita 90 wapitisha kiti cha magurudumu bila kukwaruza vidole vya mwenyewe. Choo chahitaji nafasi ya kugeuka, kiti cha kukalia, na chuma ukutani. Kwa asiyeona, ukingo wa ngazi wenye rangi kali au sakafu yenye mikwaruzo ya kuonya kwa mguu watosha kumwokoa na anguko.

Mambo hayo yakiwekwa siku msingi unapochimbwa, ni udongo, mawe na mifuko michache ya saruji. Yakingojea jengo limalizike, huwa ni kubomoa na kujenga upya, na hapo ndipo gharama inapokuwa kweli kubwa. Tena pana hila moja ya kuepukwa. Mara nyingine mwenye jengo, akitaka kumridhisha mkaguzi, humwaga saruji juu ya ngazi, akapata mteremko mkali kama paa la nyumba. Kiti hakiupandi ila kwa kusukumwa na watu wawili, na kikiteremka hukimbia chenyewe. Huo ni ushahidi wa kutii sheria bila kumjua mtu iliyetungwa kwa ajili yake. Dawa ya hila hiyo ni moja: atakayeitumia njia aitwe aijaribu kabla fundi hajalipwa.

Mifano ya kufaulu ipo humu nchini. Mabasi ya mwendo kasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, vituo vyake vilijengwa kwa njia za mteremko, na majukwaa yake yakalinganishwa na sakafu ya basi, kama vile sakafu ya ghala ilivyolinganishwa na lori. Hesabu iliyofanywa zamani kwa ajili ya gunia la pamba hatimaye ilifanywa kwa ajili ya abiria. Haikuhitaji elimu mpya. Ilihitaji kwamba mtu ahesabiwe miongoni mwa vitu vinavyopimwa kabla ya kujenga.

Waswahili husema, hujafa hujaumbika. Methali hiyo hufundishwa watoto ili wasimcheke mlemavu, na maana yake hiyo ni njema. Walakini ndani yake mna maana ya pili iwafaayo wajenzi. Umbo la mtu halijakamilika maadamu angali hai. Kila ajengaye ofisi, duka au soko ajenga kwa ajili ya mwili asioujua bado, na mwili huo waweza kuwa wake. Katika nchi ya maduara na makarasha fumbo hilo laweza kufumbuliwa mchana mmoja. Miji midogo kama Segese ingali ikijengwa; viwanja vyake vingi havijawekwa msingi. Mahali ambapo boma halikuwahi kusimama hapana sababu ya kurithi ngazi za boma, na maji ya masika yaweza kuzuiwa bila kumzuia mtu. Uamuzi huo hautafanywa katika Umoja wa Mataifa wala Bungeni, ambako umekwisha kufanywa. Utafanywa na fundi, mwenye kiwanja na ofisa wa halmashauri, siku kamba ya kupimia inapovutwa ardhini.